Stetasi za Mchora Kanga

Mie kazi yangu ni kuchora kanga. Kila ninapolisema hili mtu ananitazama kama nimemwambia nachora mvua, halafu ananiuliza, kwani kanga zinachorwa? Zinachorwa, jamani. Haziotagi Kariakoo zenyewe. Kuna mtu anakaa kitini mpaka kiuno kinakufa ganzi, anachora pindo lile linalozunguka, anachora mji ule wa katikati, anaacha kisanduku cha jina, yaani yale maneno mnayosomana migongoni mkiwa harusini na misibani. Mtu huyo ni mie. Sina mwajiri, ofisi yangu ni meza ya kulia chakula, na nyumba yenyewe iko Goba, juu kilimani, ambako mtandao unakuja siku ukijisikia.

Zamani kuchora kanga kulikuwa kuchora kanga. Naamka, nakunywa chai yangu, nachonga penseli, naanza. Siku hizi naamka, na kabla sijanawa uso inabidi niutangazie ulimwengu kwamba nimeamka. Inabidi nipige picha ya penseli. Inabidi nipige picha ya chai iliyo karibu na penseli. Inabidi niandike "asubuhi njema wapendwa, leo tunaendelea na kazi" kwa watu ambao wapendwa wangu si wote, na kazi yenyewe sijaianza kwa sababu nawaandikia wao. Chai inapoa. Nikiinua kichwa, jua limeshaingia dirisha la upande wa pili.

Niseme ilivyoanza, maana sikulitafuta jambo hili mwenyewe.

Mteja wangu mkubwa, na kwa kweli mteja wangu wa pekee wa maana, lilikuwa duka la jumla la vitambaa kule Mtoni, Barabara ya Kilwa. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiarabu, Mwarabu wa hapahapa, kitovu chake kimezikwa Temeke na Kiswahili chake kinatushinda wengi. Nilikuwaga nampelekea michoro yangu imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Anaitandaza juu ya kaunta, anaagiza kahawa, anaitazama kimya. Akiipenda anasema hii wataigombania. Akiikataa anasema hii kampe adui yako. Basi, yameisha, narudi nyumbani na jibu langu. Miaka yote ile hakuniuliza hata siku moja mie najulikana na nani.

Magoti yakamchosha, akabaki nyumbani, duka akamwachia mwanawe. Kijana ana adabu zake, simsingizii. Nilipokwenda na michoro mara ya kwanza aliniamkia vizuri, akanivutia kiti, akaagiza na soda. Halafu akaniuliza, "Dada, nikutafute wapi?"

Nikamwambia si nipo hapa mbele yako.

Akacheka kwa heshima. Alikuwa na maana ya mtandaoni. Akanieleza kwamba wanawake wa sasa hawanunui dukani, wananunua kwa mtu. Wanataka sura, wanataka sauti, wanataka kujua aliyechora kala nini mchana. Kwa hiyo sikukuu hii anataka mchoraji mmoja tu, wa kusimama mbele ya kamera na kanga za duka. Yupo msichana mmoja anamfikiria, ana wafuasi wengi, ingawa kuchora anajifunza. Nipo na mie, ninayejua kuchora lakini nikitafutwa sionekani. Kabla ya Ramadhani ataamua. Atakayepata anachukua kazi zote za duka, na mwingine ndiyo basi tena.

Alilisema kwa upole hivyohivyo, huku akinisogezea soda. Nje ya duka lile nilikuwa sina pengine. Viwanda vina watu wao, na wauzaji wengine wanaleta kanga zilizokwisha kuchorwa huko nje kwa bei ya kutupa. Duka lile likiniacha, narudi kule nilikoanzia, kuandika mabango ya saluni na kuchora vichwa vya ng'ombe kwenye milango ya mabucha. Sidharau bucha. Lakini kanga ndiyo kitu pekee ninachokifanya nikasahau kwamba nina njaa, na nilikuwa naambiwa nitanyang'anywa kwa sababu sijapiga picha ya mchana wangu.

Nikajiandikisha semina ya wajasiriamali. Ukumbi una feni moja, na mkufunzi kafunga kipaza sauti shavuni, anatembea huku na huku. Alisema tuweke kitu asubuhi, mchana na jioni, kila siku ya Mungu. Nikanyoosha mkono nikamuuliza, siku ina asubuhi, mchana na jioni. Nikishaziweka zote tatu mtandaoni, nichore saa ngapi? Watu wakacheka. Mkufunzi akasema hilo ni swali zuri, akaendelea na mengine.

Nikaanza hivyohivyo. Nilikuwa nabeba meza kuipeleka barazani kufuata mwanga, na nikishaipata nafasi nzuri, jirani anaanza kuchanganya zege. Goba kila mtu anajenga, na wote wanajenga ninapotaka kurekodi. Zege likinyamaza, jogoo anaanza. Nikimfukuza jogoo, bando limekata. Nikiweka bando, mwanga umehama, nabeba meza upya. Video ya mkono wangu ukichora korosho kwenye pindo ilinila asubuhi nzima, na mtu wa kwanza kutoa maoni aliandika kwamba mkono umepauka, nipake mafuta. Wa pili aliuliza kama nauza na madera. Shoga yangu niliyesoma naye shule ya msingi akanipongeza kwa kununua kanga nzuri, akataka kujua ni shemeji kaninunulia au nimejinunulia mwenyewe. Nimeandika chini pale, kwa herufi kubwa, NIMECHORA MIMI. Akajibu, "Sawa mama, ila mie nijuavyo zinatoka India."

Mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka wake. Ni mtu wa pwani hasa, wa mjini humuhumu tangu babu zake, na kwake yeye kujisifu ni ugonjwa wa kumfukizia mtu ubani. Alivumilia siku za mwanzo, halafu likamtoka. Akaniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mwanangu mbona unajitembeza? Nikamwambia mama, siku hizi chema kikikaa ndani kinaozea ndani. Akasema sura yangu nisiitoe, watu wana macho mabaya. Nikamwahidi nitatoa mkono tu. Kisha akaongeza neno ambalo ningelisikiliza vizuri ningejiepusha na mengi. Alisema kanga haina mwenyewe, na raha yake ndiyo hiyo. Mtu akikugombeza kwa maneno ya mgongoni mwako, unamwambia mie nimevaa nguo tu, kamuulize aliyeiandika. Na aliyeiandika hajulikani. Ukishasema ni wewe, akasema mama, nguo inageuka mdomo.

Sikumsikiliza, nilikuwa namfukuza jogoo.

Wiki zikaenda. Nikampelekea kijana wa duka hesabu ya walioniangalia, akaguna. Akasema, dada, maua hayasemi, weka na maneno. Hapa nieleze kitu ambacho nimekieleza mpaka sauti imenikauka na hakuna aliyeniamini. Maneno ya kanga siyatungi mie. Yanatoka dukani. Mzee alikuwa na wazee wenzake wa kahawani wanaompa, na kijana sasa anayakusanya anakokujua yeye. Nikichukua kazi napewa bahasha ya maneno, nayaandika kwa herufi nzuri ndani ya kisanduku, nimemaliza. Mie ni wa maua.

Basi nikaweka na maneno kama nilivyoagizwa. Kanga ya kwanza ilikuwa na mji wa mikarafuu, na imeandikwa SUBIRA YANGU SI UJINGA. Nikaiweka stetasi asubuhi, na chini yake nikaandika kwa fahari, kazi ya mikono yangu. Mchana mume wangu akapiga simu kutoka shuleni anakofundisha. Huyu ni mtu mpole, hapigi simu wakati wa vipindi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo analolifanya linaniudhi, niseme tu tuyazungumze. Nilicheka nikamwambia ni kanga, mume wangu. Akasema haya, lakini jioni alirudi na kuku wa kukaanga na kuosha vyombo akaosha yeye.

Hilo la kwanza nikalichukulia mzaha. La pili lilisema MACHO YA JIRANI HAYAJENGI NYUMBA. Wallahi sikufikiria. Jirani yangu, huyo wa zege, nyumba yake ilikuwa haijavuka linta tangu mvua za mwaka jana, pamoja na zege lote lile, na mie hata sikuwa najua kwamba namba yangu anayo. Anayo. Asubuhi yake nikamsalimu ukutani, akaitikia kwa kuendelea kufagia. Mkewe alikuwa ananiletea mchicha wa bustanini kwao, na mchicha nao ukakatika. Ikabidi niende kwao na kitenge cha zawadi kueleza habari ya bahasha ya maneno, nao wakanisikiliza kwa adabu kubwa, wakanipa maji ya kunywa. Nilipokuwa natoka nikamsikia mwanamke anamwambia mumewe, "Umeona? Kaja mwenyewe."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini hesabu zilikuwa zimepanda. Kwa mara ya kwanza watu wananitazama kweli, wanapeana skrinishoti, wanauliza kesho unatoa lipi. Ramadhani inakaribia, na yule msichana mwenye wafuasi anaweka mambo yake asubuhi, mchana na jioni kama alivyoagiza mkufunzi. Nikaenda na la tatu, lililofuata kwenye bahasha. Pindo lake lilikuwa zuri kuliko mapindo yote niliyowahi kuchora, samaki kwa samaki wanafukuzana mkia na mdomo, na mji ni jahazi la maua. Imeandikwa KWANGU MNAKULA, KWENU MNANISEMA.

Ilikuwa Jumatatu.

Sasa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Mtoni, mitaa ya nyuma ya duka lilelile. Kila Jumapili anakuja kwetu na wanawe, na hajawahi kuja mikono mitupu. Analeta samaki anaowakaanga mwenyewe, maana ndiyo biashara yake. Anakula, anacheka, analala kidogo kwenye kochi, anaondoka alasiri. Jumapili ile, siku moja kabla, alikula akashiba, akasema kwa utani kwamba Goba ni mbali, kaka yake kaenda kuoa nyani huko porini. Tukacheka wote. Mie nilicheka kuliko wengine. Na tena huyu wifi ndiye aliyekuwa anavaa kanga zangu zikitoka tu. Anazinunua kwa pesa yake, hataki za bure. Akienda kitchen party au maulidi anageuka mbele ya wanawake, anasema hii kachora wifi yangu, na asiyeamini aje anione.

Mchana wa Jumatatu wifi akatoka kwenye grupu la ukoo. Hakusema kitu, akatoka tu. Waliobaki wakaanza kuuliza kuna nini, mmoja akatuma skrinishoti ya stetasi yangu, na hapo kimya kikaingia ambacho najua kila mtu alikuwa anaandika pembeni na mwenzake. Nikaandika maelezo marefu kwamba maneno ni ya duka, mie nimechora samaki tu. Shangazi mmoja wa mume wangu akajibu, "Na samaki ndiyo kabisa." Nikaisoma nikatamani kulia. Nilichora samaki wale mwezi mmoja nyuma, bahasha sijaifungua.

Mume wangu alimpigia dada yake, hakupokea. Akampigia tena baada ya magharibi, akapokea mtoto, akasema mama kasema hana salio la kuongea. Mtu anapigiwa, salio la nini? Jumapili iliyofuata hakuja. Mama yangu alitandika mkeka kama kawaida, akautazama, akaukunja. Hakuniambia nilikuonya. Afadhali angeniambia.

Na katikati ya hayo kijana wa duka akanipigia, furaha imemjaa mpaka nilisogeza simu mbali na sikio. Skrinishoti ya samaki wangu ilikuwa imetoka kwenye grupu letu ikaingia mengine, na mengine, wanawake wa Mbagala mpaka Bunju wanabishana ni nani kasemwa. Watu walikuwa wanakuja dukani wanaulizia kanga ya wifi. Wameshaipa jina hilo. Akaniambia, "Dada, umeshinda. Kazi ni yako." Kilichobaki ni nije kurekodi, nisimame na ile kanga, niseme maneno haya yamenitoka moyoni, ni mambo yaliyonikuta, aliyeguswa anajijua. Nikamkumbusha kwamba maneno kanipa yeye. Akasema hilo tunalijua mie na wewe, kwa nini tuwaharibie watu raha?

Nikamwomba nifikirie. Akanipa mpaka Alhamisi.

Mume wangu nilipomweleza akasema ni kazi yako, siwezi kukuamulia. Ni jibu la mtu mwema, na mie lilinikera mpaka nikatoka nje kusimama na jogoo. Kila mtu ananiachia niamue. Mkufunzi kasema jisemee, mama kasema nyamaza, duka linasema sema uongo kidogo, na mume anasema utakavyoona. Naona nini? Naona mabucha.

Alhamisi nikaondoka mapema, nikabadilisha gari Ubungo, nikafika Mtoni kabla ya muda wa kurekodi. Miguu ikanipeleka kwa wifi kwanza. Nilimkuta uani anaparua samaki, kajifunga kanga kuukuu isiyo yangu. Akanikaribisha, akanipa kigoda, akamtuma mwanawe maji. Adabu zote zilikuwepo, na hakuna kinachotisha kwa wifi kama adabu. Nikamwambia yote kuanzia bahasha mpaka video, nikamwambia na mabucha. Aliendelea kuparua. Nilipomaliza akaosha mikono, akakaa.

Akasema alishaambiwa na watu wa dukani kwamba maneno si yangu, na analiamini. Hasira yenyewe ilikuwa imeshampoa tangu Ijumaa, ila hakujua aanzeje kurudi kwenye grupu bila kuonekana kajigusa mwenyewe. Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka.

"Nenda kaseme, wifi," akaniambia. "Kazi ni kazi, mie pia nauza. Sitakununia. Ila ukishasema mbele ya watu kwamba ni yako na yamekukuta, kwako siwezi tena kuja kula. Nitakuja kwenye msiba, nitakuja kwenye harusi. Jumapili sitakuja. Nikija nitakuwa nimekubali kwamba ni mie."

Hakulisema kwa kunitisha, alilisema kama mtu anayekueleza barabara ipi imefungwa. Na nilijua kwamba ni kweli tupu, kwamba mie mwenyewe ningekuwa ni yeye nisingekuja. Nikamuaga. Akanifungia samaki kwenye gazeti.

Dukani walikuwa wameshatundika kanga ukutani na kuwasha taa ya duara. Kijana akanipangia mahali pa kusimama, akaninong'oneza yale maneno mara moja zaidi, akainua simu. Nikasema, "Pindo hili nimechora mie, na mji nimechora mie. Maneno ni ya duka. Hayamsemi mtu yeyote." Akashusha simu, akatabasamu, akasema tujaribu tena, labda nimesahau. Tukajaribu tena, nikasema vilevile. Akaniuliza taratibu kama najua ninachokifanya. Nilikuwa najua, na nilikuwa nina hasira ambayo sijui niieleze vipi. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia wifi na samaki wake waliokuwa wananinukia mkononi, nikajikasirikia na mie kwa kutoweza kusema uongo mdogo ambao watu wazima wanausema kila asubuhi. Mara ya tatu nikasema vilevile. Akazima taa.

Akanishukuru kwa kuja. Akasema watanipigia.

Hawakunipigia. Kabla ya mwezi kuandama yule msichana akatokea mtandaoni kajifunga samaki wangu, kapaka wanja vizuri, anasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba maneno haya yamemtoka moyoni. Pindo langu lote linaonekana, mkia na mdomo, mkia na mdomo. Mchoro nilishauuza, sina la kudai. Nilimtazama mpaka mwisho, nikarudia. Anasema vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Nikazima simu nikaifungia kabatini, nikaenda kulala mchana, jambo ambalo silifanyagi.

Jumapili hiyo wifi alikuja na wanawe. Alikula akaongeza, akalala kwenye kochi, akaamka akasema Goba ni mbali. Hakuna aliyegusia habari ya kanga.

Jumatatu nikatoa simu kabatini. Kujitangaza nako hakuna likizo, na sasa nilihitaji mteja mpya kuliko wakati wowote. Nikabeba meza barazani. Zege kwa jirani lilikuwa limenyamaza, jogoo yuko kwingine. Nikapiga picha mchoro ambao haukuwa umeagizwa na mtu, miiba ya samaki imepangwa ikawa majani, nyembamba, nyingi, pindo zima. Bahasha ya maneno sikuwa nayo tena, kwa hiyo kisanduku cha jina nilikiacha kitupu. Nikaweka stetasi bila neno hata moja, nikajisemea leo hakuna binadamu atakayeniuliza kitu.

Chai haijapoa simu ikaanza kutetemeka. Mke wa jirani anauliza mbona leo kimya, kuna amani? Shangazi wa mume wangu anasema anayenyamaza ndiye mwenye mengi, anamwombea huyo ninayemnunia. Shoga wa shule ya msingi anataka kujua, kati yetu wawili tu, safari hii ni nani. Mume wangu kapiga simu kutoka shuleni, kwa sauti ya chini. Nikaweka kichwa mezani juu ya mchoro wangu, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Wa mwisho alikuwa wifi. Kaandika, "Hii isiyo na neno umemchorea nani?"

Nikaitazama miiba yangu, nikapangusa kioo cha simu, nikamwandikia kwamba ni yeye, na safari hii ni kweli.